Bushi za Gari la Baba

Mdogo wangu ni fundi wa springi. Mtaa mzima unamwita Fundi Godoro, kwa kuwa gari likitoka mikononi mwake husikii shimo wala tuta. Sifa hizo anazipenda kuliko chakula. Miaka nenda rudi aliyatuliza magari ya watu, huku gari la zamani la baba yetu, ambalo ndilo alilojifunzia ufundi, likiwa limeinama upande mmoja nyuma ya gereji yake.

Baba alikuwa na ombi moja tu. Moyo ulikuwa umeanza kumsumbua, na kabla haujamwacha njiani alitaka aliendeshe gari lake hadi kiwandani alikozeekea, azunguke, arudi nyumbani.

Hatimaye Godoro aliliinua, akang'oa vya chini vyote: springi zilizochoka, shokamzoba zilizovuja, mikono ya magurudumu iliyoliwa na kutu. Vyote vikapatikana, isipokuwa bushi, zile pete za mpira zinazokaa kwenye maungio. Madukani zilikuwepo za gari jingine, na zinaingia. Godoro akazikataa, akaagiza za asili kutoka mbali. Tukakaa kusubiri.

Siku moja nilimshika baba mkono nikampeleka gereji. Alilitazama gari lake linavyoning'inia.

"Mwanangu, tia hizo hizo za dukani. Safari yenyewe moja tu."

"Baba, hizo zitalia. Watu watasema Godoro ndiye aliyezifunga."

"Ziache zilie. Masikio yenyewe haya yameshastaafu."

Tulicheka wote watatu. Kicheko kile kinanichoma mpaka leo.

"Za asili zikija," Godoro akamwambia, "wewe utakaa kitini, mimi nitakaza."

Huo ndio utaratibu wake. Nati za bushi hazikazi gari likiwa juu ya jeki, maana mpira uliokazwa hivyo hujisokota gari likishuka, ukachanika. Hulishusha kwanza likanyage chini, akamkalisha mwenye gari mahali pake, ndipo yeye huingia uvunguni na spana.

Bushi zilifika tumeshamzika baba. Viti vya kukodi vya msibani vilikuwa bado vimepangwa uani. Godoro alizitia, akalishusha gari, akaniita.

"Dada, hebu kaa hapo kwa dereva. Mwili wako na wa baba ni mmoja."

"Alipokuwa mzima," nikamwambia. "Mwishoni nilikuwa nambeba peke yangu kumpeleka msalani. Ulikuwa wapi usijue?"

Godoro alikuwa anaifuta spana ambayo haikuwa na uchafu. Nilimchukia, sifichi, lakini nilipanda nikakaa, kwa kuwa kiti kile kilikuwa na bonde la baba na nililitaka. Chini yangu nikamsikia akikaza nati moja baada ya nyingine, taratibu, bila haraka hata kidogo.

"Limekaa sawa?" akauliza kutoka uvunguni.

Nilitazama boneti. Haikuinama popote.

"Limekaa sawa."

Akatoka, akajipangusa magoti. "Basi sogea, twende mpaka kiwandani tukarudi."

Nikashuka, nikaondoka kwa miguu. Nyuma yangu aliliwasha, akalitoa barabarani, akapita kando yangu polepole, peke yake. Kulikuwa na mashimo pale, nayo akayakanyaga yote. Bushi hazikulia.