Mlinzi wa Alfredi

Bibiana wa Kitangari hasahau. Ukimkanyaga leo, mwakani atakuonyesha kidole gani ulikikanyaga. Nalisema hili mapema ili asitokee mtu wa kumwonea huruma mumewe.

Yeye na mumewe, Alfredi wa Lulindi, walikuwa makarani katika ofisi moja ya ugavi mjini Masasi. Soko huria lilipoingia, korosho zikawa zinanunuliwa na kila mwenye lori, na pale ofisini likabandikwa tangazo kwamba kazi zitabaki kwa wenye vyeti. Basi mwaka 1997 mke na mume wakajiandikisha pamoja kusomea shahada ya biashara kwa masafa. Vitabu vilikuja kwa posta, mitihani ilifanywa Mtwara. Walichukua seti moja ya vitabu kwa watu wawili, kwa kuwa walilala nyumba moja.

Habari ilipofika ofisini, saa ya chai, bosi wao Ambrosi alisimama na kikombe chake. Ambrosi alikuwa Mngoni, na Wangoni na Wamakonde ni watani tangu enzi za mababu. Mtani akikutukana, hununi.

"Jamani, Alfredi anakwenda kusoma," alisema. "Huyu Mmakonde wangu yeye anakwenda kumlinda, mume asichukuliwe na wasichana wenye shule. Kitabu chenyewe atakishika kichwa chini miguu juu!"

Watu walicheka mpaka chai ikawapalia. Alfredi alicheka. Bibiana naye alicheka, maana ndiyo sheria ya utani, lakini moyoni aliapa kwamba maneno yale lazima yamuumize aliyeyatunga kama yalivyomuumiza yeye.

Tangu siku hiyo jina lake likawa Mlinzi. Wauza nyanya wa mtaa wa Mkomaindo walimpigia kelele, "Mlinzi, lindoni kwema?" Nafasi ya ofisa masoko ilipopatikana, alipewa mtu mwingine, na Ambrosi akasema huku anacheka kwamba lindo haliachwi wazi.

Hapo ndipo Bibiana alipoanza kusoma kwelikweli. Alisoma kwa hasira. Alisoma huku anapukuchua mahindi, alisoma kwenye benchi la kliniki na mwanawe Kulwa mgongoni. Somo lililomshinda alilirudia hadi likasalimu amri, kisha akamweleza Alfredi taratibu, kwa mifano ya korosho na salfa ya kupulizia mikorosho, maana Alfredi akifungua kitabu mwenyewe ukurasa wa pili haufiki, amesinzia. Na kila alipochoka alimkumbuka Ambrosi na kikombe chake, akapata nguvu mpya. Alikuwa amekwisha kuyapanga maneno yote. Siku ya mahafali angelivaa joho lake hadi ofisini, na kama mtani mwenye haki zake, angemvua nguo mzee yule mbele ya watu.

Mwaka 2004 Bibiana alimaliza. Alfredi alibakiza masomo mawili. Na wiki tatu kabla ya mahafali, Ambrosi akaanguka kwa presha, akafa.

Bibiana alilia sana. Waliomwona walisema, kweli huyu mama ana moyo. Moyo gani! Alilia kwa kudhulumiwa.

Lakini mtani ana kazi yake msibani. Aliazima joho kwa mwalimu mkuu mmoja, akalivaa na kofia yake, akajilaza mlangoni jeneza lilipotaka kutoka. "Haendi mtu!" akasema kwa sauti. "Bosi, amka uone kitabu kimesomwa miguu chini! Umekimbia nini? Umeona aibu ukaona afadhali kaburi?" Akamsema marehemu kuanzia mwendo wake hadi ubahili wake wa likizo. Yote aliyoyaweka miaka saba aliyatoa pale, na mengine yalikuwa machungu kweli.

Msiba mzima uliangua kicheko. Wangoni walipiga makofi. Mjane, Mama Reginald, alicheka na machozi yakimtoka, akamletea kuku jike mwekundu, ndiyo haki ya mtani, na kumkumbatia. Hakuumia hata mmoja. Bibiana alisimama na kuku wake kwapani, hasira imemjaa vilevile.

"Ahsante, mtani," alisema Mama Reginald. "Marehemu alikupenda. Yale maneno ya mlinzi hata hakuyatunga yeye. Alinihadithia kuwa aliyatoa kwa mumeo. Baba Kulwa ndiye aliyewachekesha nayo kilabuni, siku ile mlipojiandikisha."

Bibiana aligeuka. Alfredi alikuwa kando ya jeneza na wabebaji, anajitazama viatu.

Hakumuuliza kitu. Alfredi hakuwa mtani wake. Jumatatu alichukua likizo, akafunga vitabu vyote na madaftari yake ndani ya kanga, akapanda navyo Kitangari kwa mama yake. Mtihani wa Alfredi ulibakiza wiki sita.

Wiki ya nne Alfredi alimfuata. Alimwamkia mkwewe kwa mbali, akaelekezwa bombani. Alimkuta Bibiana kwenye foleni ya maji na wanawake ishirini na ndoo zao.

"Mama Kulwa," alinong'ona, "nipe vitabu. Ile ilikuwa pombe tu, wanaume tunazungumza."

"Sema kwa sauti, Baba Kulwa. Hapa hakuna kiziwi."

"Nisamehe."

"Nenda ofisini saa ya chai," alisema Bibiana, naye hakushusha sauti. "Simama mbele yao kama alivyosimama Ambrosi. Uwaambie maneno yale ni yako, na kwamba kila ulichofaulu umefundishwa na mimi. Ukimaliza, vitabu utavipata siku hiyohiyo."

Wanawake walimtazama Alfredi toka juu hadi chini. Aliondoka bila kuaga.

Alikaa siku kumi anajishauri. Siku ya kumi na moja Bibiana alikuwa amekwisha kurudi kazini, na saa ya chai mumewe alisimama. Aliyasema yote, kikombe mkononi. Safari hii watu walimcheka yeye, na mfagizi akamuuliza kama hata barua za uchumba aliandikiwa na mkewe. Bibiana aliwatazama mmoja mmoja. Alisikia utamu, nami siwezi kukuficha, utamu uliomfika hadi kwenye nyayo. Alikunywa chai yake yote, akaongeza kikombe kingine.

Jioni alimkabidhi vitabu, havikupungua hata ukurasa, kwa sababu Bibiana akiahidi ameahidi. Alfredi alivipokea kwa mikono miwili, akavifungua mezani, akavuta kiti cha pili karibu yake na kumsubiri mkewe aje amweleze, kama siku zote.

Bibiana alipita, akaenda kumpa kuku wake maji. Mtihani ulikuwa keshokutwa.