Ufunguo wa Choo cha Wasichana

Wapo wanaosema kisasi ni kibaya. Hao hawajamwona binti yao akirudi nyumbani saa nne asubuhi, amejifunga kanga ya kuazima juu ya sketi, anasema shule basi.

Shule siitaji, wenyewe wanajijua. Choo cha wasichana kilikuwa shimo moja lenye pazia la gunia, na wavulana walikuwa wakilifunua kwa kijiti. Binti yangu alipovunja ungo akawa anashuka kwenye magugu ya ufukweni, hadi siku walipomfuata hukohuko. Mwaka mzima akakaa nami ufukweni Katonga tukianika dagaa wa baba yake.

Nikaenda kwenye mkutano wa wazazi, nikaomba choo chenye mlango. Mwenyekiti wa kamati ya shule, mtu wa mawese na malori, hata hakusimama.

"Watoto wa wavuvi wana ziwa zima," akasema. "Choo cha nini?"

Watu wakacheka, wengine wateja wangu kabisa. Mimi maneno yale niliyaweka moyoni.

Tukajenga wenyewe, kina mama. Mchanga tuliubeba kichwani kutoka ufukweni. Fundi kutoka mtaa wa Gungu akatuchimbia mashimo mawili ya kupokezana: moja likijaa linafungwa, na kilichomo kinakauka na majivu mpaka kinakuwa mbolea ya michikichi ya shule. Mlango wa mbao, komeo kwa ndani, kufuli kwa nje. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la kanga yangu. Binti yangu akarudi darasa la sita, mrefu kuliko wenzake wote.

Siku ya ufunguzi mwenyekiti akaja kukata utepe. Alihutubia utadhani mchanga kaubeba yeye. Kisha akakaa kula samaki, migebuka ya ziwani, mawese yanaelea, sahani mbili. Haikupita nusu saa nikamwona anakuja kwangu kwa hatua fupi fupi, jasho linamtoka. Choo kingine chenye mlango hakikuwepo: kile kibovu cha walimu tulikuwa tumekibomoa kwa ruhusa yao, matofali yake tukajengea hiki.

Akaniomba ufunguo kwa sauti ya chini. Nikamwita binti yangu, akaja na kopo lake la majivu ya kumwaga chooni. Nikamwambia mwenyekiti amtake radhi huyu mtoto, neno moja tu, na mlango nitamfungulia. Akamtazama mtoto, akawatazama wageni. Kusema samahani kwa mtoto wa mvuvi kulimshinda, na tumbo nalo halikuwa na subira.

"Basi, mzee," nikamwambia, "ziwa zima lile pale."

Akashuka, koti mkononi, akapita katikati ya wanawake wanaoanika dagaa, akaingia kwenye magugu yaleyale. Waliocheka mkutanoni wakacheka tena. Roho yangu ilisuuzika, sitaki kudanganya.

Binti yangu hakucheka. Aliniomba ufunguo, akaingia na kopo lake, nikasikia komeo likifungwa kwa ndani.