Kura za Kidole Gumba

Nilifika Ruiru juu ya lori la mahindi kutoka Kitale, vumbi limenijaa hadi masikioni. Mama mwenye ploti ndiye aliyenipa chumba, na alipogombea udiwani nikampigia kampeni. Alama yake kwenye karatasi ya kura ilikuwa ndoo.

Alishindwa kwa kura chache. Wachuma kahawa wengi, waliozoea kutia kidole gumba kila penye sahihi, walikuwa wamebonyeza karatasi ya kura kwa ule wino waliopakwa kituoni, badala ya kuweka alama kwa kalamu. Msimamizi akazitupa kura hizo, eti zimeharibika. Mama akaenda mahakamani Thika.

Miguu ilikuwa ikiniwasha kuhama, lakini ningeondokaje kabla ya hukumu?

Wakili wa yule aliyetangazwa diwani alisimama. "Mheshimiwa, sheria inataka alama, si uchafu wa wino."

Hakimu aliinua karatasi moja. "Kidole kiko wapi hapa?"

"Juu ya ndoo, Mheshimiwa."

"Na kwa mteja wako?"

"Hakuna kitu."

"Basi huyu alitaka nani, wakili?"

"Ngai! Hata mimi hiyo ningejibu," mzee mmoja akasema nyuma yangu, na mahakama nzima ikacheka.

Kura zilihesabiwa upya pamoja na zile za kidole gumba, mama akashinda.

Siku ya kuapishwa alinishika mkono. "Sasa tulia, kijana wangu. Nitakutafutia kazi kwa baraza."

Nilimshukuru kwa moyo wote. Kesho yake nikapanda gari la Nakuru, na sikurudi tena kuishi huko.