Programu Iliyokaa Kimya Siku Tatu

Saa mbili asubuhi, katika masijala ya hospitali, Mama Kibodi anabonyeza Enter na kusubiri. Skrini nyeusi iko kimya kama maji ya mtungi. Anasonya, anaifunga programu na kuianza upya, mara ya tano tangu afike.

"Imekufa tena," anasema.

Jina la Mama Kibodi wenzake wamempa kwa utani, maana amekuwa mpiga chapa kwa miaka kumi na tisa. Mwaka jana alihamishiwa kazi ya kupanda na kushuka ngazi akitafuta mafaili ya wagonjwa, yote 3,140, na magoti yake hayataki. Ndipo akajifunza PHP, lugha ya kutengenezea tovuti, atunge programu ya kuonyesha faili liko rafu gani. Mkuu wake amempa hadi kesho. Ikifanya kazi, atabaki mezani kuisimamia. Ikishindikana, anarudi kwenye ngazi.

Anampigia simu mwalimu wake wa kompyuta.

"Umeandika namba ya faili?" mwalimu anauliza.

"Niandikeje, mwanangu, na haijaniuliza?"

"Haikuulizi, mama. Umeiagiza isome kibodi, basi imekaa inakusubiri wewe."

Siku tatu nzima imekuwa ikimsubiri! Anaandika 417. Papo hapo skrini inajibu: Rafu ya sita. Mama Kibodi anajishika kichwa, anacheka hadi machozi yanamtoka.

Furaha haidumu. Anaifungua programu ileile kwenye kivinjari cha intaneti, kama atakavyofanya karani wa mapokezi. Linatokea kosa: STDIN, yaani njia ya kusomea kibodi, haijulikani.

"Kwenye kivinjari haisomi kibodi moja kwa moja," mwalimu anaeleza. "Huko lazima uiwekee fomu ya kujazia namba."

"Kwani kibodi si hii hii? Vidole si hivi hivi?"

Mwalimu anarudia. Mama Kibodi anaitikia kwa adabu, anakata simu, kisha anamgeukia mwandishi wa habari hii, aliyeketi kando yake.

"Wewe umeelewa?"

Mwandishi anakiri kwamba hapana.

"Basi tuko wawili."

Hata hivyo ameongeza mstari mmoja, ili programu ianze kwa kusema: Karibu, andika namba ya faili. Hataki mwingine ahangaike hivi. Fomu atajifunza wiki ijayo, kama bado atakuwa na meza.

"Naogopa, sikufichi," anasema. "Kesho mkuu akiniuliza kwa nini huku inakubali na kule inakataa, nitamwambia sijui. Lakini akinitajia namba ya faili la mgonjwa yeyote, nitamwambia lilipo."