Waya wa Msiba

Yuditha wa Kilole alikuwa na kiburi cha fundi, na hilo hata mama yake alilisema.

Programu yake iliita gari la wagonjwa: mkunga wa kijijini Handeni anatuma ujumbe, dereva anaondoka. Kila ilipofanyiwa marekebisho, mtambo uliifunga upya na vikorokoro vyake vyote ndani ya kontena moja, yaani kifurushi cha kidijitali, kisha ukaipeleka wenyewe kwenye seva inayoiendesha. Ugomvi ulikuwa wapi pa kufungia. Sabiri, mwenzake aliyekaa Handeni, alitaka kompyuta ya kukodi huko mbali, isiyojua kukatika umeme. Yuditha akakataa katakata. "Cha kwetu kifungwe kwetu, nikione kwa macho." Basi kikawa kinafungwa chumbani kwake Kilole, Korogwe.

Jumatano alfajiri jirani yake, Mzee Gregori, akafariki. Wafiwa wakaja na waya mrefu kuomba umeme wa friza na spika. Akawapa. Nani angewanyima?

Saa tatu Sabiri akapiga simu. "Dada, ujumbe wa wakunga unapokelewa, lakini kwa dereva haufiki! Nimewapigia wakunga wote kuwaambia wampigie dereva wenyewe, mmoja tu hapatikani."

Kosa lilikuwa mstari mmoja wa programu. Yuditha akalirekebisha, kontena likaanza kufungwa. Akatazama mita ya luku: uniti za umeme zimebaki kiduchu. Kununua nyingine, simu inamjibu mtandao una tatizo. Chomoa waya, Yuditha! Akaenda hadi kwenye soketi, akaushika. Nje kina mama walikuwa wanaimba, mjane amekaa mkekani. Ataonekanaje, mtu wa kukata umeme wa msiba? Akauachia. "Utatosha," akajidanganya.

Haukutosha. Kompyuta ikazima, kontena likiwa nusu.

Uniti zilikuja kununulika saa kumi na moja jioni. Kontena likafungwa, likaenda, na ujumbe uliokwama ukatoka. Mmoja ulikuwa wa saa nne asubuhi, wa yule mkunga asiyepatikana: "Yusra anatoka damu nyingi. Leteni gari upesi."

Yuditha akampigia Sabiri. "Mwambie dereva aende! Aende sasa hivi!"

Sabiri akajibu. "Akafuate nini, dada? Yusra alikata roho saa saba. Ndiyo kwanza tunatoka makaburini."

Nje spika zilikuwa zimerudi, na mama mmoja akachungulia mlangoni. "Mungu akubariki mwanangu, umetusitiri na umeme wako."

Yuditha akakaa sakafuni, akalia kwa sauti. Waliomsikia wakadhani anamlilia Mzee Gregori.