Pindo la Vidole Vinne

Wifi yangu ni fundi cherehani, na kwa miaka ishirini na sita kila sare aliyoshona imekuwa na pindo la vidole vinne. Hakuna aliyemtuma. Mtaa wetu ulipoanza, wakazi walikuwa vibarua wa kiwandani, kila nyumba watoto sita, saba, na mtoto hangoji mshahara wa baba ndipo arefuke. Kila muhula akina mama walileta sketi zilezile, wifi akafumua, akashusha kidole kimoja, akapiga pasi. Sketi ikimkataa dada mtu, inamwangukia mdogo wake.

Kisha lami ikaja. Jirani mmoja akauza kiwanja, wa pili akaiga, wakahamia mbele kule tulikokuwa tukikata kuni. Mahali pao pakaota mageti. Nyuma ya kila geti kuna magari mawili na mtoto mmoja, wakizidi sana wawili, na nguo zao za dukani. Mwenye nyumba naye akamwambia wifi kuwa chumba chake kinatakiwa na mwuza dawa. Kama hawezi kodi mpya, muhula wa pili usimkute hapo.

Bahati nzuri shule mpya ya kulipia ikatafuta fundi wa sare. Nikamwonya, "Wifi, hawa usiwawekee lile pindo lako. Watu wenye nafasi wanataka nguo nyepesi."

"Nimekusikia," akasema.

Mazoea yana taabu. Masikio yalinisikia, mkono haukusikia. Sketi ya mfano ilipofika mbele ya kamati ya wazazi, mama mmoja mwenye miwani ya jua aliligeuza pindo, akacheka. "Fundi, wetu hawavai sketi moja mpaka waolewe."

Kazi ikapewa kiwanda cha mjini. Nilikasirika, kwanza na yule mama, kisha na wifi, na njia nzima ya kurudi nilimsema mpaka nikachoka. Jioni wifi akaanza kupanga vitambaa kwenye maboksi, na hapo ndipo nilipolia.

Wiki moja kabla ya kuhama, nani anapiga hodi? Mama wa miwani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

Akatoa sketi ya binti yake. Mtoto kapanda ghafla, magoti yote nje, mwalimu mkuu kamrudisha nyumbani. Pindo la kiwanda lilikuwa jembamba kama ukucha, hakuna cha kushusha.

"Si mnunue nyingine," nikadakia. Sikuweza kujizuia.

Akavua miwani. "Dada yangu, nyumba ile ni ya mkopo. Gari la mkopo. Hata ada tunakopa. Nishoneeni moja yenye lile pindo, ila uzi usionekane kwa nje. Na tafadhali, jirani yangu asijue."

Nilikuwa na majibu yake, mazuri kweli, nimeyaandaa miezi mitatu. Wifi akanikanyaga mguu, akachukua futi yake na kuanza kupima.

Jumamosi mwenye nyumba alimleta mwuza dawa aone chumba. Alimkuta wifi ameinama kwenye cherehani, maboksi yamefunguliwa tena. Akachungulia nje, akatafakari, akamwambia mgeni wake akatafute pengine. Barabarani yalisimama magari manne, vioo vimefungwa, na ndani ya kila moja mama amepakata sketi, akingoja wenzake waondoke kwanza.