Baiskeli Isiyokwenda Popote

"Mmesikia? Mnoa visu kalazwa hospitali. Eti mafua yamemwingia moyoni."

Jirani wa mlango wa bluu alilitoa neno hilo pale bombani kabla ndoo yake haijajaa, na kwa uhakika aliokuwa nao ungedhani hayo mafua yalipita kwake kwanza kumuaga.

"Moyoni?" akauliza muuza maziwa. "Yalipotea njia? Mafua kwao si puani?"

"Mimi naona kachoka kazi tu," akasema yule wa mlango wa bluu. " Mwanamume akichoka kazi hakosi ugonjwa wa jina refu."

Wakacheka mpaka ndoo ikafurika. Mama mmoja kijana, mwenye mtoto mgongoni, hakucheka. Yeye alijua zaidi yao wote, ila alizoea kungoja maneno ya wenziwe yaishe ndipo atoe lake, na pale bombani maneno hayaishi. Akachukua maji yake akaenda zake.

Mnoa visu huyo, ambaye mtaa mzima ulimwita Makali, alikuwa mtu wa miaka hamsini na kitu, mwembamba kama visu vyake. Kazi yake aliifanya juu ya baiskeli, lakini baiskeli yenyewe haikwenda popote. Ilisimama kwenye stendi ya chuma, gurudumu la nyuma likiwa hewani. Yeye alipanda, akapiga pedali, na jiwe la kunolea lililofungwa mbele ya usukani likazunguka na kutoa cheche. Akimaliza, alikata karatasi kwa kile kisu na kusema, "Kisu hiki usikitazame sana, shemeji, kitakukata jicho."

Mama kijana alikaa nyumba ya ng'ambo, dirisha lake likitazamana na baiskeli. Mtoto wake hakujua usingizi wa mchana bila mvumo wa lile jiwe. Ndilo lililokuwa yaya wake.

Mwezi mmoja kabla ya maneno yale ya bombani, mafua yalipopita mtaani, watu walilala siku mbili tatu. Makali alitoka kazini vilevile, homa juu, akipiga chafya kwenye cheche. "Mafua hayajawahi kumlaza mwanamume," alisema. "Hulala yenyewe yakichoka."

Yalilala kweli. Lakini wiki mbili baadaye mtoto akaanza kugutuka mchana, mara moja, mara tatu, mara tano. Mama yake akachungulia dirishani ajue kulikoni, akaona. Jiwe lilikuwa likisimama kabla kisu hakijaisha kunolewa. Makali alikiinua kile kisu kwenye mwanga kama anayekagua, kumbe mkono wa pili uko kifuani. Tena vikanda vya kandambili zake alikuwa amevilegeza, miguu imevimba kama mikate.

Akavuka njia. "Baba, unaumwa."

"Nakagua makali, mwanangu."

"Kisu cha vitunguu unakikagua dakika tano?"

"Vitunguu vya siku hizi vigumu."

Mama kijana akaenda kwa mke wa Makali, akamwambia alichokiona, na kesho yake mkewe alimshika Makali mkono wa shati mpaka hospitali. Huko walimtoa damu, wakambandika nyaya kifuani.

"Virusi vya mafua vimeondoka, mzee," daktari alimwambia, "lakini mwili ulivyopigana navyo umeuacha msuli wa moyo umevimba. Hili haliwapati wengi, ila wewe limekupata. Ukiulazimisha sasa, unaweza kugonga hovyo, hata ukasimama. Meza dawa hizi. Miezi mitatu usikimbie, usibebe mzigo, usipande baiskeli. Kisha tutaupima tena."

Makali alirudi nyumbani amefurahi, jambo lililomtia mkewe wasiwasi. Asubuhi akamkuta juu ya pedali.

"We mzee! Hukukatazwa wewe?"

"Nimekatazwa kupanda baiskeli. Baiskeli ni chombo cha safari. Hii, tangu niinunue, imefika wapi? Hii ni meza yenye pedali."

Mkewe akaitazama stendi, akalitazama gurudumu lililo hewani, akarudi jikoni.

Kwenye kisu cha saba mtoto wa ng'ambo aligutuka. Mama yake alipochungulia hakumwona mtu juu ya baiskeli. Makali alikuwa chini, mgongo kwenye stendi, midomo ya rangi ya majivu, kisu bado mkononi. Mama alivuka mbio, akakitoa kwanza kile kisu, ndipo akapiga ukelele, naye Makali akapelekwa hospitali kwa gari la muuza mkaa, katikati ya magunia.

Alilazwa siku tano, zile za maneno ya bombani. Daktari aliusikiliza ule utetezi wa meza yenye pedali mpaka mwisho, akasema, "Mzee, moyo hauulizi baiskeli imefika wapi. Unahesabu pedali."

Aliporudi, mkewe alishatoa amri: Makali atakaa kwenye kigoda na kushika kisu, na kila mwenye kisu atapiga pedali mwenyewe. Wa kwanza kufika, huku wale wa bombani wote wakitazama, akawa jirani wa mlango wa bluu na kisu chake butu. Akapandishwa.

"Polepole, shemeji! Tunanoa kisu, hatukimbizi mwizi!"

"Sasa mbona jiwe halizunguki?"

"Unapiga pedali kinyumenyume."

Kabla kisu hakijapata makali, jasho lilimtiririka hadi kidevuni. Akashuka, akajishika kiuno. "Jamani! Kumbe hii ni kazi!"

"Si kazi," akasema Makali kwa upole, kwani ya bombani yalishamfikia. "Ni ugonjwa wa jina refu."

Muuza maziwa alicheka mpaka akakaa chini, na yule jirani akajifanya anatafuta ndoo, wakati hakuja nayo.

Jioni mama kijana alileta kisu chake. Alipiga pedali taratibu, mtoto akalala mgongoni. Macho ya Makali yalikuwa kwenye miguu yake mama, na goti lake la kulia likipanda na kushuka pale kigodani, lenyewe. Mama akaliona. Makali naye akaona kwamba limeonwa.

Mama aliposhuka, Makali alilegeza nati, akakichomoa kiti cha baiskeli, akampa.

"Mwanangu, kaa nacho hiki. Mteja akija aje akichukue kwako, akimaliza akirudishe. Mimi nikija, usinipe."

"Nikiweke wapi, baba?"

"Kwenye beseni la nepi chafu. Huko sifiki."

"Na ukija kunibembeleza? Ukilia je?"

Makali akafikiri, mkono kifuani.

"Nikilia," akasema, "mwamshe mtoto tulie wote. Lakini kiti usinipe."